Binti Amesoma, Shamba Je? Maswali na Majibu ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wetu jambo moja: elimu humpa mwanamke nini, na ni mambo gani ya kijamii yanayoizuia isimpe? Barua zilizotufikia ni nyingi, na baadhi zimeandikwa kwa uchungu unaoonekana katika kila mstari. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na maelezo ambayo yangeweza kuwatambulisha tumeyaondoa. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayakulingana kwa uzito.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzee wa miaka sabini na miwili, naishi wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Nina watoto wanne. Wa kwanza ni binti, niliyemsomesha hadi chuo kikuu, naye ndiye anayenilea sasa. Ninataka kibanja changu kiwe chake. Ndugu zangu wa ukoo wamekataa katakata. Wanasema elimu niliyompa ndiyo urithi wake, na kwamba ardhi ya ukoo ikishikwa na mwanamke itahamia kwa watu wengine. Sheria inasemaje, nami nifanye nini ningali hai?

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Tunakushukuru kwa kuuliza ukiwa hai, kwa sababu maswali ya namna hii mengi huletwa na mabinti wenyewe baada ya matanga, wakati ambapo mtu pekee ambaye angeweza kusema neno la mwisho hayupo tena.

Tuanze na hoja ya ndugu zako, maana inasikika siku hizi katika mikoa mingi na ina sura ya haki. Ni kweli kwamba ulitumia mali kumsomesha binti yako. Lakini kijana wa kiume anaposomeshwa hadi chuo kikuu, hakuna kikao cha ukoo kinachoketi kumwambia kwamba fungu lake amekwisha kulichukua na shamba sasa ni la dada zake. Elimu yake huhesabiwa kuwa nyongeza juu ya urithi, ilhali ya dada yake huhesabiwa kuwa malipo ya kumwondoa katika urithi. Hapo elimu iliyokusudiwa kumpanulia binti haki zake inageuzwa kuwa sababu ya kumnyima haki nyingine, na kadiri anavyosoma ndivyo madai yake kwa baba yake yanavyohesabiwa kuwa yamekwisha. Sisi tunaona kwamba hoja hiyo ni dhuluma, hata inaposemwa na watu wema wanaolipenda jina la ukoo wao.

Kuhusu sheria, lazima tukueleze ukweli kwamba inasema kwa sauti mbili. Mwaka 1963 Serikali ilichapisha mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, katika Tangazo la Serikali Namba 436. Kwa kanuni hizo, mabinti wamewekwa katika daraja la mwisho la warithi, na mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote ila hana ruhusa ya kuiuza. Kanuni hizo hazijafutwa na Bunge, na ndizo ambazo ndugu zako wanaziegemea, hata kama hawajapata kuzisoma.

Lakini wilaya yenu ndiyo iliyozitikisa. Bi Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka, akiwa hana mtu wa kumtunza, aliliuza mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku iliyofuata mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama hiyo ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilitengua uamuzi huo kwa kutumia haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akatamka kwamba kanuni inayomruhusu mwanamume wa ukoo kuuza na kumkataza mwanamke wa ukoo huo huo ni ya kibaguzi, na kwamba tangu hapo mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo. Tunaikumbusha kesi hii kwa sababu aliyeishinda hakuwa mwanasheria wala mtu wa mjini. Alikuwa bibi mzee aliyekuwa na wosia wa baba yake.

Baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Ya kwanza inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi. Ya pili inasema kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hata hivyo, mwaka 2006 Mahakama Kuu, ilipoombwa na wajane wawili izifute kanuni za urithi za 1963, ilikiri kwamba ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta. Wajane hao walikwenda mbali zaidi, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Kwa hiyo mtu akikuambia sheria imemaliza tatizo hili, usimsadiki. Na akikuambia sheria haina la kusema, usimsadiki vilevile.

Sasa la kufanya. Njia iliyo imara zaidi ni kumpa binti yako ardhi hiyo ukiwa hai, mbele ya Halmashauri ya Kijiji, na kuomba hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake, ama lako na lake. Ukipenda kuendelea kukaa na kulima hapo hadi mwisho wa maisha yako, yaandikwe hayo pia. Njia ya pili ni wosia wa maandishi. Kwa utaratibu wa kimila, wosia huo unatakiwa kushuhudiwa na watu wasiopungua wawili kama unajua kusoma na kuandika, au wanne kama hujui, na miongoni mwao wawemo wa ukoo na wasio wa ukoo. Unaweza kuuhifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ili usije ukapotea au ukabishaniwa. Utaje humo watoto wako wote, pamoja na sababu ya kila fungu, kwa maana wosia unaomruka mtoto bila maelezo ndio unaovutwa mahakamani kirahisi. Na kama unaweza, waite ndugu zako uwasomee mwenyewe. Neno walilolisikia kinywani mwako wataona haya kulikana mbele ya mashahidi.

SWALI: Dada Mhariri, nina miaka ishirini na mitatu, naishi mkoani Morogoro. Mwaka 2019 nilipata ujauzito kabla ya mtihani wa kidato cha pili, nikafukuzwa shule. Mtoto wangu sasa anasoma darasa la kwanza. Nimesikia kwamba wasichana kama mimi wanaruhusiwa kurudi, lakini nilipouliza niliambiwa nimechelewa. Mama anasema nijifunze cherehani niachane na ndoto. Je, ni kweli nimechelewa?

JIBU: Mwanetu, hujachelewa, ingawa mlango wako si ule uliofunguliwa kwa wenzako.

Kanuni zilizotumika kukufukuza zilikuwa za mwaka 2002, ambazo ziliruhusu mwanafunzi aondolewe shuleni kwa kosa dhidi ya maadili, na ujauzito ukahesabiwa humo. Mwezi Juni 2017 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alitangaza hadharani kwamba katika uongozi wake mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, wanaweza kurejea katika shule za kawaida. Zanzibar na Kenya zilikwisha kuwa na utaratibu wa namna hiyo miaka mingi kabla. Mwezi Septemba 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto nayo ikaamua kwamba kuwapima wasichana ujauzito kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao. Tunakueleza haya ili ujue kwamba ulilotendewa lilipimwa na wenye mamlaka ya kulipima, nao wakaliona ni kosa lililotendwa juu yako. Watu wengi waliofukuzwa bado wanaishi wakiamini kwamba walistahili.

Utaratibu wa kurejea shule ya kawaida unawafaa zaidi walioacha masomo karibuni. Kwako wewe kuna elimu nje ya mfumo rasmi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo mikoani ambapo unaweza kusoma masomo ya sekondari kwa muda mfupi kuliko ule wa shule. Kwa kuwa hukufanya mtihani wa kidato cha pili, utaanza na Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, na ukifaulu utajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu miaka ya 1970. Katika vyuo hivyo umeendeshwa mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, ambapo wasichana waliokatishwa masomo husoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na vyuo kadhaa vimeweka mahali pa kuwatunzia watoto wadogo wa wanafunzi. Kwa njia hiyo cherehani ya mama na vitabu vyako vinakaa chini ya paa moja. Usimchukie mama yako. Amekuona ukianguka mara moja na anaogopa kukuona ukianguka tena. Mwombe akupe jioni tatu kwa wiki za kusoma huku ukijifunza ushonaji, aone mwenyewe.

Jambo lingine ambalo hukuliuliza: baba wa mtoto yuko wapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na unaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako kuomba msaada wa kudai matunzo. Wasichana wengi hushindwa kurudi kusoma kwa sababu sare, daftari na unga wa mtoto vyote viko juu ya mabega yao peke yao, ilhali mtu wa pili anatembea mtaani akiwa na mikono mitupu.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma hadi kidato cha nne na nina duka dogo Mwanza. Niko katika kikundi cha kuweka na kukopa, na mwaka jana tulipata pia mkopo wa halmashauri. Kila ninapopata mkopo, mume wangu huchukua sehemu kubwa kwa shughuli zake, na marejesho nalipa mimi. Kiwanja tulichonunua pamoja kimeandikwa jina lake. Katika semina tunaambiwa sisi ni wanawake tuliowezeshwa. Je, ndivyo?

JIBU: Dada yetu, swali lako limewahangaisha wataalamu wengi. Naila Kabeer, mtaalamu wa uchumi wa jamii mwenye asili ya Bangladesh, aliandika mwaka 1999 kwamba ili kujua kama mwanamke amepata uwezo wa kweli yafaa kutazama mambo matatu kwa pamoja: alivyo navyo, anavyoviamulia, na anachokipata kutokana na maamuzi hayo. Wewe unayo elimu, unalo duka, unao mkopo. Linalokosekana ni la pili, yaani uamuzi, na likikosekana hilo la kwanza hubaki kuwa mzigo. Bangladesh, nchi iliyosifiwa kuliko zote kwa mikopo midogo ya wanawake, ilikwisha kuliona hili: utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake waliochunguzwa hawakuwa na mamlaka makubwa juu ya mikopo iliyotolewa kwa majina yao. Wadaiwa walikuwa wao, na watumiaji walikuwa wanaume wa nyumbani mwao.

Nchini kwetu, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia nne ikiwa ya vikundi vya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Ni mpango mwema, nao umewaokoa wengi kutoka katika ile mikopo ya kausha damu inayochukua vyombo vya ndani. Lakini mpango huo hupimwa kwa fedha zilizotoka na fedha zilizorudi, na mwanamke anayelipa deni la mumewe kwa faida ya duka lake huhesabiwa katika taarifa kuwa amefanikiwa. Tungependa maafisa maendeleo ya jamii wawe wanauliza swali moja zaidi wanapovitembelea vikundi: fedha hii ilitumiwa na nani?

Kwa upande wako, hatukushauri uanze na ugomvi. Anza na kumbukumbu. Andika katika daftari kila mkopo, kilichoingia dukani, kilichochukuliwa na kilichorejeshwa, kisha siku ya utulivu mfungulie mume wako mkae mhesabu pamoja. Wanaume wengi hawajui wamechukua kiasi gani, kwa kuwa walichukua kidogo kidogo. Kikundi chenu nacho kinaweza kukubaliana kwamba mkopo utolewe kwa awamu, au ununue bidhaa moja kwa moja badala ya fedha taslimu, na wewe utakuwa na la kusema: kikundi ndicho kilichoamua.

Suala la kiwanja ni zito zaidi, tunaomba usiliache. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mali ikiandikwa jina la mwanandoa mmoja, itachukuliwa kuwa ni yake hadi ithibitishwe vinginevyo; ikiandikwa majina yote mawili, itachukuliwa kuwa mafungu yao ni sawa. Tofauti hiyo ya mstari mmoja katika hati ndiyo inayoamua nani atakuwa na kazi ya kuthibitisha. Sheria hiyo inamkataza pia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tena, tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Ni haki kubwa, ila tusiitaje nusu: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu cha ziada, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fungu lake lilikwisha katika fedha za mtaji alizokuwa amepewa na mumewe, ambazo alizitumia vibaya. Ndiyo maana tunakuhimiza utunze risiti na maandishi ya mchango wako sasa, wakati mko salama na mnapendana.

Rwanda inatufundisha jambo hapa. Mwaka 1999 ilipitisha sheria iliyowapa mabinti haki sawa ya kurithi, na miaka kumi baadaye ilipoandikisha ardhi ya nchi nzima, wake waliofunga ndoa halali waliingizwa katika hati pamoja na waume zao. Lakini wanawake wengi waliokuwa wakiishi na waume bila ndoa iliyoandikishwa waliachwa nje. Hukutuambia kama ndoa yenu ina cheti. Kama haina, mahakama inaweza kudhani ndoa ipo kwa watu waliokaa pamoja kama mke na mume kwa miaka miwili au zaidi, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa, na hakuna haja ya kulala juu ya dhana wakati cheti kinapatikana.

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi seremala Arusha na mke wangu ni mwalimu. Mshahara wake unapita kipato changu. Wenzangu kijiweni wanasema mwanamke akisoma sana ndoa haidumu. Wana haki?

JIBU: Ndugu yetu, wanachokisema hakina msingi, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kukiamini. Ndoa nyingi zinazovunjika baada ya mke kupata kazi zilikuwa zimeshikiliwa na ukosefu wake wa mahali pa kwenda. Alipopata mahali, akaondoka. Ndoa yenu, kwa unavyoieleza, haikujengwa hivyo. Tazama badala yake mambo yanayoonekana: mwanamke aliyesoma huwahi kliniki, huwafuatilia watoto wake shuleni, na kipato chake hulisha nyumba hiyo hiyo unayolala wewe. Kinachokuumiza ni maneno ya watu, nayo tunaelewa kwamba yanauma. Kaeni mpange bajeti ya nyumba kwa mwezi mmoja, kila mtu aweke kwa kadiri ya anachopata, na kazi za ndani mzigawane vivyo hivyo, kwa sababu mwalimu anayerudi na madaftari ya kusahihisha akakuta maji hayajatekwa anafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Simiyu. Kila mwaka wasichana wangu hodari kuliko wote wanafeli mtihani wa darasa la saba kwa namna nisiyoielewa, na waliofaulu wengi hawamalizi kidato cha nne. Elimu sasa haina ada. Tatizo liko wapi?

JIBU: Mwalimu, ada ilikuwa kizuizi kimoja, nacho kimeondolewa kwa hatua: shule za msingi mwaka 2002, sekondari hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Vilivyobaki ni vizuizi ambavyo haviandikwi katika fomu ya kujiunga.

Shule ya sekondari ya kata iko mbali. Anayeishi mbali hupangiwa chumba mtaani, kile ambacho wanafunzi hukiita geto, na humo hukutana na kodi, njaa na wanaume wenye pikipiki na chipsi. Akiwa hedhini hana taulo za kike, hivyo hukosa siku kadhaa kila mwezi. Kodi ya ongezeko la thamani juu ya taulo hizo ilifutwa mwaka 2018, ikarudishwa mwaka uliofuata. Akirudi nyumbani yeye ndiye wa kuteka maji na kubeba mdogo wake, wakati kaka yake anasoma. Kisha anaingia kidato cha kwanza na lugha ya kufundishia inabadilika ghafla kuwa Kiingereza. Mabadiliko hayo humwumiza kila mtoto, lakini humwumiza zaidi yule asiye na saa moja ya kukaa na kamusi jioni. Tunaamini suala hili la lugha halijapewa uzito unaostahili katika mazungumzo ya elimu ya msichana.

Sasa kuhusu wanaofeli kwa namna usiyoielewa. Walimu wa kanda ya ziwa wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba baadhi ya wazazi huwaagiza mabinti wao waandike majibu ya makosa kwa makusudi. Ukiitazama sheria utaona kwa nini. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 mtu anayemwoa au kumpa ujauzito mwanafunzi. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo binti akifaulu ni mwanafunzi na analindwa. Akifeli, si mwanafunzi tena, na mahari ya ng'ombe inaweza kupokelewa bila woga. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliipinga Sheria hiyo ya Ndoa mahakamani, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vyake vya umri vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo tarehe 23 Oktoba 2019 na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Takwimu za kitaifa za 2015–16 zilionyesha kwamba asilimia 31 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wameanza uzazi walipungua kutoka asilimia 27 katika takwimu hizo hadi 22 mwaka 2022, jambo linaloonyesha kwamba hali hubadilika pale watu wanapoifanyia kazi.

Unaloweza kulifanya wewe lina wakati wake. Usingoje matokeo. Kuanzia darasa la tano weka kumbukumbu za alama za kila msichana, ili anayeshika nafasi ya tatu darasani akipata sifuri ya Hisabati mwezi Septemba uwe na ushahidi wa kumpelekea Mratibu Elimu Kata na afisa ustawi wa jamii. Mwite baba mapema, peke yake, akiwa na mtu anayemheshimu, mzungumze kwa hesabu anazozielewa: ng'ombe wa mahari hupokelewa mara moja, ila binti muuguzi au mwalimu humtunza mzazi kwa miaka mingi. Watafute wasichana wa kijiji hicho waliomaliza sekondari, waje wakae na wadogo zao mara moja kwa wiki; shirika la CAMFED, lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005, linawatumia wanawake vijana waliowahi kufadhiliwa nalo kwa kazi hiyo hiyo ya ulezi. Na kati ya mtihani wa Septemba na kufunguliwa kwa kidato cha kwanza mwezi Januari, miezi ambayo posa hupelekwa kwa sababu mtoto hana shule ya kwenda, anzisha darasa la Kiingereza cha maandalizi, hata la saa mbili kwa siku chini ya mwembe wa shule, na daftari la mahudhurio liwe na jina la kila msichana aliyefanya mtihani, aliyetarajiwa kufaulu na asiyetarajiwa.